Kamba ya Jua na Kamba ya Mvua

Mnyororo ulikatika saa mbili na dakika ishirini asubuhi, siku ya Alhamisi. Nina hakika na dakika hizo kwa sababu dereva wa lori, ambaye peke yake alikuwa na saa ya mkono katika kundi zima lililokusanyika, aliitazama mara tu trekta lilipoacha kubingirika, akaisoma kwa sauti, kisha akasema: "Mkiulizwa, semeni ilikuwa saa mbili na dakika ishirini, na mimi nilikuwa naendesha polepole." Tulikuwa kama watu thelathini kando ya barabara, juu kidogo ya shamba letu la migomba huko Nyakahanga. Hakuna aliyewahi kutuuliza. Nasema leo ili ushahidi ule usipotee bure.

Nilikumbushwa mwezi uliopita, kwenye kona ile ile. Nilikuwa nimerudi kuitazama mibuni iliyobaki, nikamkuta kijana amesimamisha lori lenye trela, na juu ya trela trekta. Alikuwa na minyororo minne, kila mmoja ukivuta kuelekea pembe yake, hivi kwamba wa mbele ulijibiwa na wa nyuma, na wa kulia ukajibiwa na wa kushoto. Alipomaliza alisogeza lori hatua mia moja hivi, akashuka, akagonga kila mnyororo kwa nyundo, akasikiliza mlio wake, akakaza tena. Nilimtazama kwa muda mrefu hadi nadhani alianza kunishuku. Nitarudi kwake.

Siku ile ya mnyororo nilikuwa msichana wa miaka tisa, nikiishi kwa Babu na Bibi. Rafiki yangu, kama nawe ulilelewa kwenye migomba, huhitaji kuelezwa asubuhi zetu: moshi ukipenya katika nyasi za paa bila haraka, ndizi na maharage vikichemka katika chungu kimoja, umande ukidondoka kutoka jani hadi jani kana kwamba mvua imesahau kuondoka. Kazi yangu ilikuwa kuanika kahawa, kuwafukuza kuku wasiipekue, na kuchambua magome makavu ya migomba kwa ajili ya kamba. Kamba ndizo zilizotuweka mjini, kama tungekuwa na mji. Babu alikuwa fundi wa kufunga nyumba za msonge, zile za duara zilizoanzia ardhini na kuishia kwa ncha juu, ambazo hazikuwa na msumari hata mmoja. Kila ufito ulishikwa na kamba ya mgomba iliyolowekwa, ikasokotwa, ikakazwa kwa goti.

Babu alikuwa na sharti moja la kazi. Akishakaza fundo la kwanza hasemi hata neno hadi la mwisho. Aliamini kwamba maneno hulegeza kamba. Bibi alisema katika masharti yote ya Babu, hilo peke yake ndilo lililomletea yeye faida.

Upande wa pili wa barabara, palipoanza nyasi, aliishi jirani yetu mfugaji. Ng'ombe wake walikuwa wameingia mara mbili katika migomba yetu, na tangu hapo yeye na Babu walikuwa hawaongei isipokuwa kwa kutukanana, jambo walilolifanya kila siku na kwa adabu kubwa. Jirani alituona sisi kuwa watu waliofungwa kwenye mashina yao wenyewe. Babu alimwona yeye kuwa mtu anayefuata mkia wa mnyama na kuuita safari.

Trekta lilikuwa la wakulima wa Rugu. Walikuwa wamechanga fedha za kahawa za misimu miwili wakalinunua, jekundu, jipya, la kwanza kuonekana kwetu. Walikuwa wameagiza lifikishwe juu ya trela, magurudumu yake yakiwa hayajakanyaga barabara, na jioni hiyo hiyo walikuwa wameandaa ngoma na rubisi, ile pombe yetu ya ndizi, ya kulipokea. Dereva alikuwa amelifunga kwa mnyororo mmoja, mkuukuu, uliopita juu ya pua yake. Kwenye kona yetu ukakatika. Trekta likashuka kinyumenyume kutoka kwenye trela, likapita katikati ya watu waliokuwa wakienda kliniki, likaenda kuegemea kichuguu kwa upole kama mlevi aliyekuta ukuta. Hakuna aliyeumia. Hata taa haikupasuka.

Dereva aliliwasha, akalipandisha tena kwa mbao mbili, akalizima haraka. Alitueleza kwamba linaamshwa kwa petroli kidogo, kisha linakunywa mafuta ya taa kama kibatari, na yaliyomo tumboni yanatosha kulishusha tu huko Rugu. Sasa mnyororo hauungiki. Lazima arudi Bukoba kutafuta mwingine, na huenda ikachukua wiki nzima.

"Nipe saa moja," Babu akasema. "Nitalifunga mimi."

"Kwa kamba gani, Mzee?"

"Kamba iliyoshika nyumba yangu miaka ishirini."

"Shikamoo, Mzee wangu, lakini nyumba yako haiendi Rugu."

Watu walicheka. Babu hakuwa mtu wa kuvumilia kicheko kinachohusu kamba. Akasema, mbele ya wote wale, "Likianguka njiani, mtamba wangu ni wako."

Kisha sauti ikatoka jikoni kwetu, chini ya barabara, ng'ambo ya mistari mitano ya migomba:

"Mtamba wa nani?"

Tulikuwa na mtamba mmoja tu, wa rangi ya udongo mwekundu, mwenye mimba. Alitoka kwa kaka yake Bibi. Bibi ndiye aliyemkatia majani, ndiye aliyemtoa kupe, ndiye aliyekuwa akihesabu kwa vidole miezi iliyobaki tupate maziwa yetu wenyewe badala ya kuyaomba. Kwa mazungumzo ya wanaume mtamba alikuwa wa Babu. Kwa mengine yote alikuwa wa Bibi.

Alipanda hadi barabarani akiwa na upawa mkononi. "Umemweka rehani mwanangu kwa ajili ya chuma?"

"Nimeshasema mbele ya watu."

"Basi nami nakwenda Rugu kuzilinda hizo kamba. Nikirudi sina mtamba, maziwa utayatoa wewe."

Babu aliinama upesi akakaza fundo la kwanza. Kuanzia hapo hakuweza kusema, na hapo ndipo jirani mfugaji alipopata nafasi aliyoisubiri miaka.

"Dume la chuma kufungwa kwa takataka za ndizi!" alimwambia dereva. "Dume hufungwa kwa ngozi. Ninazo kamba za ngozi ya fahali ambazo hazijawahi kukatika."

Dereva alikuwa mtu aliyechoka. "Zilete. Mzee huyu afunge mbele, wewe ufunge nyuma."

Babu alifumbua mdomo, akakumbuka fundo, akaufumba. Sijawahi kumwona mtu akiumizwa hivyo na sharti lake mwenyewe. Jirani alileta kamba zake zimelowa maji, zinang'aa kwa siagi ya miaka mingi, maana ngozi isiyopakwa siagi hupasuka. Akaanza kufunga huku akiliimbia trekta nyimbo za kusifu ng'ombe, akilisifia pembe ambazo halikuwa nazo. Katikati ya beti aliuliza: "Mkulima, unalifunga au unalivisha shanga?" Kimya. "Mkulima, hilo ni fundo au ni kidonda?" Kimya, ila mshipa wa shingo ya Babu ulikuwa umenenepa kama kamba nyingine.

Ilipofika saa nne kasorobo Babu alikaza fundo la mwisho, akasimama, akafuta mikono, akatoa sentensi aliyoitunza saa nzima: "Ng'ombe wako wananuka vizuri kuliko unavyoimba."

Tuliondoka saa nne. Babu, jirani, Bibi na mimi tulikaa nyuma ya lori juu ya magunia, nyuso zetu zikielekea trela, kama watu wanaosindikiza jeneza wasiloliamini. Bibi alikuwa na kikapu cha kahawa ya kutafuna na senene, wale panzi wetu wa kuliwa, waliokaangwa na kufungwa katika jani la mgomba. Ulikuwa msimu wao, miezi ile ya mvua ambayo jua na wingu hugombania siku moja.

Jua likatangulia. Baada ya kama saa moja kamba za Babu zilianza kubadilika rangi, kisha zikaanza kulegea. Mwanzoni pua ya trekta ilitikisika kidogo tu. Halafu ikaanza kurusha kichwa kila kwenye shimo. Nyuma, kamba za ngozi zilikuwa zimejikaza hadi zinalia.

"Tazama," alisema jirani kwa upole wa kuudhi. "Nyuma limelala. Mbele linacheza."

Babu alitafuna kahawa. Bibi hakumtazama. Alikuwa anatazama kamba, na midomo yake ilikuwa ikisema jina la mtamba polepole.

Tukakaza kamba za mbele, tukaendelea. Kisha mvua ikaja, ile yetu inayokuja bila kubisha hodi, ikapiga nusu saa. Mambo yakageuka. Kamba za mgomba zilikunywa maji zikajikunja, zikashika pua ya trekta kama mkono wa mama. Za ngozi zikalainika, zikarefuka, na makalio ya trekta yakaanza kuyumba kulia na kushoto. Mara moja gurudumu la nyuma lilining'inia nje ya ukingo wa trela kwa upana wa kiganja changu. Najua ni kiganja kwa sababu nilikinyanyua nikapima.

"Nyimbo zako zimelowa," alisema Babu.

Bibi alipiga paa la chumba cha dereva kwa upawa mara tatu. Lori likasimama.

"Shukeni wote wawili," alisema. "Nimesuka vikapu vya mgomba tangu sijavunja ungo. Nimepokea maziwa ya huyu jirani yamefungwa kwa ngozi miaka yote mliyokuwa mkitukanana. Mgomba ukilowa hukaza, ukikauka hulegea. Ngozi ikilowa hulegea, ikikauka hukaza. Wewe una kamba ya mvua. Wewe una kamba ya jua. Leo kuna jua na kuna mvua. Mnataka Mungu achague upande?"

Babu aliigusa kamba ya ngozi, jirani akaigusa ya mgomba.

"Kila pembe ifungwe kwa zote mbili. Mbele na nyuma. Na mtamba wangu asitajwe tena."

Miaka mingi baadaye, nilipoanza kununua vitabu vya ufundi na kuvisoma peke yangu jioni hadi nivielewe, nilitafuta habari za nyuzi za mimea na za ngozi, nikazikuta katika kurasa mbili tofauti. Bibi hakuwa amekosea hata neno. Alichowazidi waandishi ni kuziweka katika sentensi moja.

Wakafunga. Iliwabidi washike kamba pamoja, mmoja akivuta, mwingine akikanyaga. Babu alikuwa kimya kwa sharti lake. Jirani alianza wimbo, akamtazama Babu anavyohangaika na fundo huku maji yakimtiririka usoni, akaimba kwa sauti ya chini zaidi, na safari hii aliweka katika wimbo ubeti mmoja wa kusifu mgomba. Babu aliitikia kwa kichwa. Nadhani hiyo ndiyo siku waliyopatana, ingawa wote wawili walikana hadi kufa kwao.

Kuanzia hapo trekta halikutikisika. Jua likaja, mvua ikaja, nalo likakaa kama mawe matatu ya jikoni. Dereva alitoa kichwa dirishani akatusifu. Na kama tungekuwa watu wa kabila lingine lolote, labda hadithi ingeishia hapo.

Lakini ilipofika saa tisa tulipita mlangoni kwa mkwe, pale alipoolewa binti mkubwa wa Babu. Huwezi kupita mlangoni kwa mkwe. Unaweza kuwa na homa, unaweza kuwa na trekta, lazima usalimie. Mkwe alikuwa tayari ameshasikia ngurumo na amesimama barabarani, mikono miwili mbele, akisema "Karibuni waitu, karibuni," waitu likiwa neno letu la kumtukuza mgeni, kwa heshima ile inayofunga njia kuliko gogo.

"Mimi nitabaki na mzigo," alisema dereva.

Mkwe alishtuka. "Nyumba yangu ina ubaya gani hata mgeni abaki nje kama mwizi?"

Dereva akaingia. Jirani akaingia, maana naye alikuwa mgeni. Bibi, aliyekuja safari ile kwa kazi moja tu ya kulinda kamba, aliingia wa kwanza, kwa sababu mama wa mke hawezi kusimama nje ya nyumba ya bintiye watu wakimwona. Nami nikaingia, maana palikuwa na harufu ya ndizi zilizopikwa kwa samli. Tulikula. Tuliulizwa habari za watu wote, wazima na waliokufa. Dakika arobaini na tano zilipita. Dereva alizitangaza.

Tulipotoka, mbwa wawili wa mkwe walikuwa wamelala chini ya trela, matumbo yamewavimba, na mmoja bado ana kipande cha ngozi yenye siagi kimemning'inia mdomoni, akikitafuna kwa adabu tu, si kwa njaa. Juu ya trela walisimama mbuzi saba. Mbuzi wa mwisho alikuwa akimeza fundo lile ambalo Babu aliliita fundo lisilofunguka. Kweli halikufunguka. Lilimezwa hivyo hivyo.

Trekta lilikuwa huru kama siku lilipotengenezwa.

Dereva alikaa chini kwenye matope. Babu na jirani walitazamana.

"Mbwa ndio walioanza," alisema Babu.

"Mbuzi ndio waliopanda," alisema jirani.

"Mtamba ni wangu," alisema dereva, bila nguvu.

"Limeanguka?" aliuliza Bibi.

"Halijaanguka, Mama."

"Mapatano yalikuwa likianguka. Ondoa mdomo wako kwa mtamba wangu. Na kutoka hapa hadi Rugu kumebaki nini?"

"Kilima kimoja. Lakini bila kamba sipandi, litarudi nyuma mpaka Nyakahanga."

"Linakunywa mafuta ya taa, ulisema. Mpaka Rugu litakunywa kiasi gani?"

Dereva alifikiri. "Chupa saba. Lakini wenyewe wametaka lisikanyage barabara."

"Bibi harusi hubebwa njia nzima," alisema Bibi, "ila mlangoni huingia kwa miguu yake."

Mkwe, ambaye mbwa na mbuzi walikuwa wake na aibu ilikuwa yake, alikimbia nyumba kwa nyumba. Wakamimina vibatari, wakaleta chupa zilizozibwa kwa jani la mgomba, hadi saba zikatimia. Usiku ule nusu ya kijiji kile kililala gizani. Dereva aliliacha lori uani chini ya ulinzi wa mbwa wale wale, akashusha trekta, akalipanda, nasi tukalifuata kwa miguu tukinusa moshi unaonukia taa.

Tuliingia Rugu saa kumi na moja na dakika tano. Watu walikuwa wamejipanga wakitazamia kuona kitu kilicholala juu ya kitu. Badala yake kilima kiliguruma, na trekta jekundu likachomoza lenyewe, linatembea. Ngoma zilisimama, kisha zikapigwa kama zitapasuka. Wanawake walipiga vigelegele. Mwenyekiti wa wakulima, mzee mwenye koti zito, alilizunguka mara mbili, akatazama matope kwenye magurudumu. Bibi alishika upawa kwa mikono yote miwili.

"Tuliagiza jipya," mwenyekiti akasema hatimaye, "na wametuletea linalojua njia."

Akatia dole gumba kwenye karatasi ya dereva. Bibi akakaa chini, akacheka kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, hadi akalia. Mtamba alizaa baada ya miezi minne, jike, na Bibi alimwita Trela.

Sasa misonge imekwisha. Ya mwisho niliyoijua ilianguka, na walipoizoa walikuta kamba za Babu bado zimeshika fito zilizooza. Hakuna tena anayenyamaza anapofunga kitu, wala anayekiimbia. Kamba zinanunuliwa dukani, za rangi ya buluu, na hazijali jua wala mvua, na mbuzi hawazitaki. Ni kamba nzuri kuliko zetu. Nimezipima.

Yule kijana wa mwezi uliopita, alipomaliza kugonga mnyororo wa nne, aliniuliza kama nina shida. Nilimwambia kazi yake ni safi, ila nina swali moja: ukikaribishwa chakula njiani, nani atabaki na trekta?

Alifikiri kwamba namtania. "Mama," alisema, "mwaka wa sita huu naendesha njia hii. Hakuna aliyewahi kunikaribisha."

Akapanda, akaondoka. Mzigo wake haukutikisika hata kidogo, na milango aliyoipita ilikuwa imefungwa.

Kuhusu hasara ya siku ile, Bibi hakuzihesabu kamba. Alisema kilicholiwa hakijapotea, kimebadili tumbo. Lakini majirani wa mkwe walitaka bei ya mafuta yao, na Bibi alimkumbusha Babu kila asubuhi hadi akailipa: chupa saba, kila moja senti arobaini. Jumla, shilingi mbili na senti themanini.